Kiongozi na Mahakama: Njia ya Micere Githae Mugo Chuoni na katika Tamthilia

Makala hii inachunguza njia ya uongozi wa kitaaluma ya marehemu Profesa Micere Githae Mugo (1942–2023) kwa kuisoma sambamba na tamthilia ya The Trial of Dedan Kimathi (1976), aliyoiandika pamoja na Ngugi wa Thiong'o na ambayo kwa Kiswahili ilitolewa kwa jina la Mzalendo Kimathi. Mara nyingi mambo haya mawili hutenganishwa: cheo chake huachiwa waandishi wa wasifu, nayo tamthilia huhesabiwa kuwa ya Ngugi. Tunashikilia kuwa utengano huo unapotosha, kwa sababu swali linaloitawala tamthilia, yaani kiongozi huwajibika kwa nani, ndilo lililoiandama kazi yake chuoni.

Mugo alizaliwa Baricho, Kirinyaga, kusini mwa Mlima Kenya. Alisoma Makerere, akapata shahada ya uzamifu katika Chuo Kikuu cha New Brunswick, Kanada, mwaka 1973, kisha akafundisha katika Chuo Kikuu cha Nairobi. Huko alipanda hadi kuwa Mkuu wa Kitivo cha Sanaa na Sayansi za Jamii, mwanamke wa kwanza nchini Kenya kushika wadhifa wa namna hiyo. Mwaka 1982, mwaka wa jaribio la mapinduzi, alikimbilia uhamishoni. Alipokonywa uraia wake, akafundisha Zimbabwe, na baadaye Marekani, hasa katika Chuo Kikuu cha Syracuse. Ngazi aliyoipanda kwa miaka mingi ilikatika ghafla.

Tamthilia ilikuwa imekwisha kulitafakari jambo hilo. Kimathi alikamatwa Oktoba 1956, akahukumiwa Nyeri na kunyongwa Februari 1957. Waandishi hawakuridhika na hukumu ya mkoloni. Dibaji inasimulia jinsi walivyokwenda Karunaini, Nyeri, kuwasikiliza watu waliomfahamu. Hapa msomi anauacha ukumbi wa mihadhara na kuwa mwanafunzi wa wanakijiji. Kifani, kesi ya mahakamani inaandamana na majaribu ya selini. Wenye mabenki, mfanyabiashara, mwanasiasa na kasisi wanamjia mfungwa kwa zamu. Wapo Waafrika miongoni mwao, na hilo ndilo jambo zito: kishawishi hakivai sura ya adui peke yake, bali huja pia kwa sauti ya jamaa na kwa ahadi ya nafasi nzuri. Msomi yeyote aliyewahi kupewa cheo ili anyamaze ataitambua selo hiyo.

Hata hivyo, Kimathi si kiongozi wa pekee. Mhusika Mwanamke ndiye anayeusukuma msuko mbele. Anaukomesha ugomvi wa Mvulana na Msichana, anawafunza, na kuwakabidhi mkate uliofichwa bunduki. Uongozi wake ni wa ualimu: kazi yake hupimwa kwa wale wanaobaki wamesimama baada yake kukamatwa. Kwa kipimo hicho, kukatika kwa ngazi ya cheo si kukatika kwa uongozi.

Lakini ipo kasoro isiyopaswa kufunikwa. Kimathi ana jina, na Henderson anayemwinda ana jina. Mwanamke ana historia lakini hana jina. Yamkini atatetewa mhusika huyu kwamba ni ishara ya wanawake wote wa mapambano. Utetezi huo una nguvu, ila una gharama: ishara husifiwa, haikumbukwi. Ndivyo pia mwandishi mwenza anavyosahaulika tamthilia inapotajwa kwa jina moja tu la Ngugi.

Tangu Desemba 2012 Nyeri ina Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Dedan Kimathi. Jina la aliyehukumiwa katika mji huo sasa linachapwa kwenye shahada. Hiyo ni heshima iliyostahili, lakini tamthilia haikuomba jina tu. Iliwataka wenye madaraka, wakiwemo wakuu wa vyuo vya umma, waeleze wanasimama upande gani wa kizimba. Mugo alilijibu swali hilo kwa kalamu mwaka 1976, na kwa maisha yake tangu mwaka 1982.