Pongezi kwa Serere, Kituo cha Mtama

Mbegu zilizotoka kituo cha utafiti cha Serere, huko Teso nchini Uganda, zinaonyesha wazi kwamba hakuna mtama mmoja unaomfaa kila mkulima, na kwa hilo kituo kinastahili pongezi. Hapo ndipo mtafiti Hugh Doggett na wenzake walipozalisha Serena, mtama mfupi unaokomaa mapema, mmoja wa wazazi wake ukiwa Dobbs wa magharibi mwa Kenya. Punje zake za kahawia zina tanini, ule ukakasi unaowachukiza ndege. Mlaji hulalamika, lakini kwa mkulima ambaye watoto wake wako shuleni, hana wa kuamia shamba kutwa nzima, ukakasi huo ni mlinzi asiyedai mshahara.

Mwaka 1995 ikatolewa Epuripur, nyeupe, yenye tanini kidogo, na kiwanda cha Nile cha Jinja kikaifanya malighafi ya bia ya Eagle. Watasema huo ni utafiti wa walevi, tena mtama mweupe ni karamu ya ndege. La pili ni kweli, na si dogo. La kwanza silikubali: punje hiyohiyo husongwa ugali, na mtama ambao zamani uliishia ghalani sasa una mnunuzi. Isitoshe, Serena haikufutwa ili Epuripur ipite. Serikali iendelee kuzigharimia mbegu za rangi zote mbili, na izidishe fedha za kupambana na kiduha, kwani gugu hilo hunyonya mizizi ya kahawia na nyeupe bila kubagua.