Fundi wa Siri za Watu

Kuna kazi moja ya kompyuta ambayo haisifiwi hata na wanaoifanya. Mhasibu amebadilisha nenosiri lake, kompyuta ya mezani imemkubalia, lakini folda ya pamoja iliyoko kwenye seva inamkatalia. Anapiga simu: “Fundi, nimebadilisha kama mlivyotuagiza, mbona folda ya mishahara hainitambui?” Hapo fundi ametakiwa kutengeneza kitu asichokiona, asichoruhusiwa kukiona, na ambacho akikiona atakuwa ameshakiharibu. Naiheshimu kazi hii kuliko nyingi zinazopewa majina makubwa.

Tuichukue Samba, maana ndiyo inayotumika kwenye seva nyingi za Linux zinazogawa mafaili kwa kompyuta za Windows. Andrew Tridgell alianza kuiandika mwishoni mwa 1991, akiwa mwanafunzi wa uzamivu katika Chuo Kikuu cha Taifa cha Australia, Canberra. Jina lilikuja baadaye, alipoiamuru kompyuta imtafutie kwenye kamusi maneno yenye herufi s, m na b kwa mfuatano huo. Programu aliyoijenga inasimama kati ya mifumo miwili isiyotunza siri kwa namna moja, na taabu yote ya mhasibu wetu inaanzia hapo.

Linux inafuata desturi iliyoelezwa na Robert Morris na Ken Thompson wa Bell Labs mwaka 1979: haihifadhi nenosiri lako. Inalichanganya na herufi za kubahatisha, inalipitisha kwenye hesabu isiyorudi nyuma, kisha inatunza alama iliyotoka. Windows nayo ina hesabu yake, inayotumia MD4, lakini yenyewe haiongezi herufi zozote za kubahatisha. Ndiyo maana watu wawili waliochagua nenosiri moja huwa na alama moja. Kwa hiyo mhasibu mmoja, kwenye seva moja, ana alama mbili za siri ileile: moja kwenye faili la Linux, nyingine kwenye hifadhi ya Samba. Ni kama mahindi yaliyosagwa kwenye mashine mbili. Unga wa mashine ya kwanza huwezi kuugeuza ukawa wa mashine ya pili; sharti upewe mahindi mengine.

Na mahindi hayo hupatikana kwa nukta chache tu, pale mwenyewe anapoandika nenosiri jipya. Nukta hizo zikipita bila kutumiwa vizuri, alama mbili zinaachana, na mtu anabaki na manenosiri mawili pasipo kujua. Anaingia huku kwa jipya, kule anatakiwa la zamani, na kwa vile hakuna aliyemweleza, anajilaumu kwamba amesahau.

Ili zisiachane, kwenye smb.conf, faili la mipangilio ya Samba, kuna mpangilio wa unix password sync. Ukiwashwa, nenosiri linapobadilishwa kupitia mtandao Samba hubadilisha na la Linux. Hapa pananifurahisha kila ninapopafikiria, kwa sababu Samba haiandiki alama ya Linux yenyewe. Huiita programu ileile ya passwd ambayo sisi huiita tukiwa mbele ya kioo cha kompyuta, kisha huongea nayo kama tunavyoongea nayo sisi: husubiri kuulizwa nenosiri jipya, hujibu, husubiri kuulizwa mara ya pili, hujibu, husubiri kuambiwa kwamba mambo yamekwisha. Maneno inayoyategemea yamo ndani ya smb.conf, na kama fundi hakuagiza vingine, kila jibu husubiriwa sekunde 2 tu.

Sasa tuseme seva iko Lubumbashi au Bujumbura, na aliyeisimika alichagua Kifaransa. Programu ya passwd inauliza kwa Kifaransa. Samba imetega sikio kusikia Kiingereza. Sekunde 2 zinapita, mazungumzo yanavunjika, na mtumiaji anaambiwa kwa ukavu kwamba hana ruhusa. Wala si lazima lugha iwe ngeni. Toleo jipya la Linux likibadilisha neno moja katika swali, seva iliyokuwa inafanya kazi jana leo inagoma, na hakuna aliyegusa kitu. Jingine: upande wa Linux ukishindwa, Samba hukataa kubadilisha na upande wake, tena kwa makusudi ya walioiandika. Wapo wanaouita huo ukaidi. Mimi nauona ni uungwana, kwa kuwa mtu aliyebaki na nenosiri moja la zamani ana nafuu kuliko aliyeachiwa mawili yanayogombana.

Fundi anayeijua kazi haanzi kwa kuchokonoa smb.conf. Hufungua akaunti ya majaribio, huiita passwd kwa mkono wake, na kusoma inachouliza neno kwa neno, pamoja na nafasi na nukta mbili za mwisho. Baada ya hapo ndipo huenda kulinganisha na kilichoandikwa kwenye mpangilio. Ni usomaji wa polepole unaofanana kidogo na wa mhariri, na nadhani ndiyo sababu wenye haraka hawaumudu.

Lipo fumbo jingine. Programu ya smbpasswd, ya kubadilishia nenosiri la Samba, ikiendeshwa na msimamizi mkuu wa seva huandika moja kwa moja kwenye hifadhi ya Samba. Ikiendeshwa na mtumiaji wa kawaida, hupita njia ndefu: inajifanya mteja, inaigongea Samba ya kompyuta hiyohiyo kwa anwani ya 127.0.0.1, na kuomba mabadiliko kwa utaratibu. Fundi aliyeifunga Samba isikilize mtandao wa ofisi peke yake, akasahau kuiongeza anwani hiyo, amewafungia watumiaji wote njia bila mwenyewe kuhisi chochote. Akija kujaribu kwa akaunti ya msimamizi mkuu, nenosiri linakubali. Anatangaza kwamba hakuna tatizo, na mhasibu anaonekana mzushi. Dawa ni anwani moja katika mstari mmoja, lakini haionekani mpaka fundi akubali kuvua cheo na kujaribu kama mtu wa kawaida.

Wengi hushindwa hapo, na ninaelewa kwa nini. Msimamizi mkuu anaweza kumaliza shauri kwa nusu dakika: “Dada, niambie unalotaka nikuwekee.” Simu inakatwa kwa furaha pande zote. Lakini tatizo limebaki palepale likimsubiri mtumiaji mwingine, na nenosiri la mishahara sasa linajulikana na watu wawili. Kubadilisha nenosiri kwa kulitaja la zamani ni haki ya mwenyewe. Kuliweka upya bila kuulizwa la zamani ni mamlaka ya wachache. Mpaka huo si wa mapambo. Machi 2018 waandishi wa Samba walitoa marekebisho ya haraka baada ya kugundulika kwamba seva zilizotumia Samba 4 kusimamia domeni, yaani kundi la kompyuta na akaunti zinazosimamiwa kwa pamoja, zilimruhusu mtumiaji yeyote aliyeingia kubadilisha nenosiri la mwingine, hata la msimamizi.

Kuna hitilafu ndogondogo za upande wa Windows ambazo sitakawia nazo. Kompyuta imehifadhi nenosiri la zamani na inalituma kimyakimya mpaka akaunti inafungwa. Mtu amebadilisha asubuhi, akataka kubadilisha tena mchana, akakataliwa kwa sababu domeni, isipopangwa vingine, humtaka akae na nenosiri siku 1 kwanza. Inayochekesha ni ya yule anayeapa kwamba nenosiri la zamani bado linafungua, fundi akamwona anaota. Haoti. Seva ya domeni, ya Windows au ya Samba, kwa kawaida huendelea kulipokea la zamani kwa dakika 60 katika aina fulani ya uthibitisho, ili kompyuta ambazo hazijapata habari zisikwame. Ndiyo maana swali la kwanza la fundi mzuri halihusu nenosiri lenyewe. Anauliza: ulibadilisha saa ngapi, ukiwa kwenye kompyuta ipi, na limekubali wapi?

Zipo pia siku ambazo maswali hayatoshi. Samba ina swichi ya passwd chat debug, ambayo logi, yaani daftari la matukio ya seva, ikipandishwa hadi kiwango cha 100 huandika mazungumzo yote kati yake na passwd. Yote maana yake yote, pamoja na nenosiri jipya, herufi kwa herufi. Kwa fundi aliyehangaika tangu asubuhi hiyo ni taa gizani, na ni halali kuiwasha. Lakini aiwashe kwa akaunti ya majaribio, aione hitilafu, aizime, afute logi, na kuhakikisha haikunakiliwa kwenye hifadhi ya akiba ya usiku. Hakuna mkuu wa idara atakayekagua kama alifanya hivyo, na hakuna mtumiaji atakayejua. Kwangu mimi ufundi wa mtu huyu unapimwa hapo zaidi ya kwenye amri alizokariri.

Sehemu kubwa ya simu hizi ingeweza kuepukwa. Tangu 2017 taasisi ya viwango ya Marekani, NIST, inashauri watu wasilazimishwe kubadilisha nenosiri kila baada ya muda fulani pasipo dalili kwamba limevuja, kwa kuwa aliyelazimishwa huongeza tarakimu moja mwishoni na kuendelea na maisha. Bado ofisi nyingi zinang’ang’ania siku 90, nyingine 30, na kila tarehe hiyo ikifika fundi hujua simu zitaanza kabla ya chai. Angekuwa na usemi kwenye kikao cha menejimenti angeomba utaratibu huo ufutwe. Kwa kuwa hana, ameshafungua akaunti ya majaribio na anaisubiri simu ya kwanza.