Kuzoea intaneti si kujua kujifunza

Katika mijadala ya elimu siku hizi kuna dai linalorudiwa hadi likakubaliwa bila kuulizwa: kwamba mwanafunzi wa chuo kikuu aliyekulia kwenye intaneti tayari anajua kujiongoza kimasomo, kwa hivyo mhadhiri akae kando. Dai hilo lilipata mbolea mwaka 2001, Mmarekani Marc Prensky alipowaita vijana hao wazawa wa dijitali na sisi wazee wahamiaji. Mimi ni mhamiaji wa miaka sitini na ushei, na dai hili linanitia shaka.

Tuanze na lugha yenyewe. Katika kitenzi 'kujifunza', 'funza' ni kumpa mtu maarifa, na kiambishi '-ji-' kinamrejelea mtendaji mwenyewe. Anayejifunza basi ni mwalimu na mwanafunzi kwa wakati mmoja. Malcolm Knowles, katika kitabu chake cha mwaka 1975 kuhusu ujifunzaji wa kujielekeza, alitaja kazi za mtu huyo: kutambua asichokijua, kujiwekea malengo, kutafuta nyenzo, kuchagua mbinu na kutathmini alichopata. Aliongeza kuwa nyenzo hizo ni pamoja na watu, na kwamba si lazima mtu afanye yote peke yake. Intaneti imerahisisha sana kazi moja kati ya hizo tano, yaani kutafuta nyenzo. Zile nne bado zinamngoja mwanafunzi.

Nitoe mfano wa hapa Kakamega. Niliwapa wanafunzi wangu kazi ya kueleza kwa Kiswahili msamiati wa isukuti, ngoma ya Waisukha na Waidakho ambayo mwaka 2014 UNESCO iliiingiza katika orodha ya turathi zinazohitaji kulindwa kwa dharura. Ngoma tatu hupigwa, kubwa, ya wastani na ndogo, zikiandamana na pembe ya paa na njuga za chuma.

Kijana mmoja, ambaye simu haimtoki mkononi, aliniletea kurasa kumi na mbili. "Mwalimu, nimemaliza Google yote," akasema kwa fahari. Katika ukurasa wa tatu nikakutana na 'honi ya paa'. Nikamuuliza: honi hii ni ya matatu gani? Alikuwa amechukua maelezo ya Kiingereza, akayapitisha kwenye programu ya kutafsiri, akachapisha. Hakuyasoma.

Msichana mmoja kutoka Shinyalu alileta kurasa mbili tu. Bando lake huisha kabla ya wiki kuisha. Hata hivyo, alikuwa amesoma maelezo ya UNESCO, kisha akamtumia mjomba wake mpiga ngoma maswali kwa sauti kwenye WhatsApp. Chini ya kazi yake aliandika: "Majina ya mjomba na ya mtandaoni hayalingani. Nifuate gani, na kwa nini?"

Wote wawili wametumia intaneti tangu shule ya upili, na yule kijana amemzidi mwenzake kwa saa nyingi. Lakini aliyekuwa tayari kujifunza ni nani? Msichana alijua asichokijua, akaenda kwa anayejua, akapima jibu. Yeye pia alitumia intaneti, ila intaneti haikumtuma.

Hapo ndipo ninapozikosoa tafiti zetu. Wengi wetu tukitaka kupima utayari huu hutumia hojaji zinazofuata ile ya Lucy Guglielmino ya mwaka 1977, ambamo mwanafunzi hujipima mwenyewe kwa kuchagua kiwango cha kukubaliana na kauli alizopewa. Kisha tunamuuliza ametumia intaneti miaka mingapi, tunalinganisha tarakimu mbili, tunatangaza uhusiano. Yule kijana wangu angejipa alama za juu kote kuwili, wala asingekuwa anadanganya. Muda wa kutumia chombo hauonyeshi ustadi wa mtumiaji, kama vile kukaa karibu na mto miaka ishirini hakumfanyi mtu kuwa mwogeleaji.

Hata hivyo, tusimlaumu kijana peke yake. Wanafunzi tulio nao vyuoni ni zao la mfumo wa 8-4-4, ambapo wengi walisoma mwongozo wa tamthilia kabla ya tamthilia yenyewe, na alama zilitolewa kwa jibu, si kwa swali. Intaneti iliwakuta na mazoea hayo, ikawapa mwongozo mkubwa usio na mwisho. Mtaala mpya wa umilisi angalau umetenganisha mambo haya: ujuzi wa kidijitali ni umilisi mmoja, na kujifunza namna ya kujifunza ni umilisi mwingine. Vyuo vikuu visiyachanganye tena.

Pendekezo langu halihitaji bajeti. Kila kazi tunayotoa iambatane na ukurasa mmoja ambapo mwanafunzi ataeleza: nilianza na swali gani, nilimuuliza nani, ni jibu gani nililikataa, na kwa nini. Nusu ya alama iwe hapo. Msichana wa Shinyalu aliuandika ukurasa huo bila kuagizwa. Yule kijana nimemrudishia kazi yake, nikampa nauli ya bodaboda hadi kwa wapiga isukuti.