Kinanda na Msomaji: Je, Utenzi Usomwe Juu ya Piano?

Neno kinanda limesafiri mbali. Katika mwambao wetu lilikuwa jina la ala ya nyuzi ya jamii ya gambusi. Baadaye likabebeshwa ala za Wazungu, piano ikiwa miongoni mwazo. Kwa hiyo, likitangazwa Malindi au Kilifi onyesho la mashairi kwa kinanda, mzee wa mjini atatazamia jambo moja na mwalimu wa muziki jambo jingine. Tofauti hiyo si ya msamiati tu.

Muziki wa piano wa Ulimbwende (tusiuite wa kimapenzi, maana tutapotosha) ulizaa katika karne ya 19 sanaa ambayo ndani yake mtu husema, haimbi, huku piano ikilia. Mfano ulio maarufu ni "Enoch Arden", shairi alilolichapisha Tennyson mwaka 1864 na ambalo Richard Strauss alilitungia muziki mwaka 1897 kwa ajili ya mwigizaji Ernst von Possart. Baharia avunjikiwa chombo, akaa ugenini miaka mingi, arudi na kumkuta mkewe ameolewa na rafiki yao wa utotoni. Achungulia dirishani, kisha ajiendea kimya. Sidhani kama iko hadithi ya Kizungu itakayohitaji maelezo machache zaidi kuliko hii mbele ya watu wa Mambrui, ambao wazee wao waliishi kwa kungoja kaskazi na kusi. Labda watauliza tu kadhi alisemaje juu ya mume aliyepotea. Na swali hilo, kwa hakika, Tennyson hakulijibu.

Strauss aanza kwa mawimbi ya bahari, halafu ampa kila mmoja wa wale watatu tuni yake. Kisha anyamaza. Walioisikia santuri ya Claude Rains na Glenn Gould, iliyorekodiwa mwaka 1961, watakumbuka jinsi msomaji anavyoachwa peke yake kwa kurasa nzima. Wengi huona hilo kuwa uvivu wa mtunzi. Mimi naona ndiyo busara yake.

Sasa tuseme mfasiri wetu aigeuze hadithi hiyo kuwa utenzi, kama ambavyo wengi wangeshawishika kufanya. Atapata mizani nane, vina, na beti zinazokumbukika. Lakini atakuwa ameleta pia muziki wa pili. Utenzi hausemwi, hughaniwa, na kughani kuna mahadhi yake. Sauti ya mghani huteleza baina ya noti, na piano haina pa kuiweka sauti hiyo: vidole vyake vimekwisha kupangiwa nafasi kumi na mbili, basi. Matokeo ni mmoja kumfuata mwenziwe kwa kumwonea haya. Na mghani akilazimishwa asome kama anayesoma barua, atabaki na mifupa ya utenzi.

Wapo watakaosema kwamba Waswahili wamechanganya neno na ala tangu kale. Ni kweli, lakini tutazame walivyochanganya. Katika masimulizi ya Liongo yaliyochapishwa na Steere mwaka 1870, shujaa yule afungwapo minyororo huimba, na watu nje huitikia kwa ngoma na matoazi. Wakiitikia, yeye hukata chuma kwa tupa aliyofichiwa ndani ya mkate. Wakinyamaza, huacha kukata akaimba. Kila sauti ina zamu yake, na zamu hiyo ikivunjwa, Liongo amekwisha.

Kwa hiyo nashauri nathari, au shairi huru kama lile ambalo Kezilahabi alilitetea kwa vitendo katika "Kichomi" mwaka 1974. Shairi la Tennyson lenyewe halina vina. Mfasiri hatakuwa amelidhulumu. Ubishi wetu wa miaka ile juu ya guni na shairi ungepata hapa jaribio jipya, kwa sikio badala ya hoja. Na Enoch afikapo dirishani, mpiga piano aondoe mikono yake kabisa, msomaji aseme polepole, hata isikike bahari ya Malindi yenyewe nje ya ukumbi.