Mrehani Mzuri Hujulikana kwa Pua

Sokoni watu hukimbilia mche wenye majani makubwa, ya kijani kibichi, yanayong'aa. Hapo ndipo wanapokosea. Mrehani ulioshibishwa mbolea na maji hunenepa, lakini mafuta yanayobeba harufu huwa hafifu. Mrehani ulioonja kiu kidogo hunukia zaidi, kwa hiyo jua la Shinyanga si adui wa anayejua kunyweshea kwa kiasi.

Anza na pua. Sugua jani moja kwa vidole viwili, kisha nusa. Rehani ya jikoni hutanguliza utamu, ukali wa karafuu ukifuata kwa mbali. Karafuu ikitawala kabisa, hicho ni kivumbasi, kile kichaka cha kudumu kinachoweza kumpita mtu kimo. Ukinusa kafuri, hiyo ni jamii nyingine ya kivumbasi, ambayo jina lake la kitaalamu limetokana na Kilimanjaro; iache ifukuze mbu. Ukinusa nyasi tu, rudisha mche.

Kisha tazama shina. Liwe la kijani, lenye pembe nne, na matawi yaanzie chini. Mche mfupi wenye matawi sita una thamani kuliko mrefu wenye shina moja, maana matawi ni ushahidi kwamba mkulima alikuwa akikata ncha mapema, juu kidogo ya jozi ya majani. Maua yakishachanua na shina likawa gumu, majani hupungua na ladha huingia uchungu.

Mbegu nazo zina kipimo chake. Tia chache ndani ya maji: mbegu za mrehani huvimba na kuvaa utelezi baada ya dakika chache. Zisipofanya hivyo, huenda umeuziwa kitu kingine.

Kwa udongo, luseni, ule wa kichanga, hushinda mbuga, ule mweusi wa mfinyanzi. Mbuga hupasuka kiangazi na kuizamisha mizizi wakati wa mvua. Luseni hupitisha maji, ila ni maskini, hivyo ichanganye na samadi ya ng'ombe iliyooza vizuri. Samadi mbichi huunguza mizizi. Nyweshea asubuhi, shinani, kidole kikigusa ukavu.

Usukumani tumezoea kulitegemea jua kwa michembe na matobolwa, viazi vitamu vya kukausha. Rehani haitaki hivyo. Ianike kivulini penye upepo. Iliyokaushwa vizuri hubaki na ukijani na hunukia inapovunjwa; iliyogeuka kahawia imeacha harufu yake uani. Mbichi nayo isiwekwe kwenye friji, baridi huifanya nyeusi. Simamisha vijiti kwenye glasi ya maji mezani. Vingine vitaota mizizi na kukupa miche ya bure.

Jikoni, mtihani ni wakati wa kuitia. Mchuzi wa sato upokee rehani sufuria inapoepuliwa. Ikichemka pamoja na nyanya tangu mwanzo, harufu huondoka na mvuke.

Kuhusu mbu, tusizidishe sifa. Utafiti wa Kenya uliochapishwa 2002 ulionyesha kwamba jamii moja ya mrehani, ikiwa hai kwenye vyungu, ilipunguza mbu wa malaria kwa takriban asilimia 40. Ni msaada mzuri, lakini chandarua kibaki mahali pake.

Kuna sifa moja ambayo pua haiwezi kuipima, na katika ukanda wa dhahabu wa Geita ndiyo ya kwanza kuulizwa: mche umeota wapi? Zebaki inayotumiwa kukamatia dhahabu haina harufu, na majani huweza kuinyonya kutoka hewani pale dhahabu inapochomwa. Usipande karibu na mialo ya kuoshea dhahabu wala karasha za kusagia mawe, usijazie chungu udongo wa marudio, yaani mabaki ya uchenjuaji, na usitumie pipa lililobeba kemikali za uchenjuaji. Muuzaji asiyeweza kukuambia bustani yake iko wapi, mpite, hata kama rehani yake inanukia soko zima.