Hiari na Gharama Yake: Mapendekezo ya Riwaya za Mapenzi kwa Wasomaji wa Garissa

1.0 Utangulizi

Mhakiki wa fasihi ya Kiswahili akitaka kuidunisha riwaya, huiita "kisa cha mapenzi" akaishia hapo. Mazoea haya yalikomaa katika mijadala iliyozigawa riwaya katika makundi mawili, riwaya dhati na riwaya pendwa, na mapenzi yakawekwa katika kundi la pili pamoja na upelelezi na ujambazi. Mgawanyo huo ulikuwa na faida yake, kwani ulitusaidia kuzitofautisha kazi zinazochimba matatizo ya jamii na zile zilizochapwa haraka ili ziuzwe haraka. Hata hivyo, uliacha nyuma yake dhana kwamba dhamira ya mapenzi yenyewe ni nyepesi, na kwamba msomaji anayeitafuta hastahili kuongozwa.

Dhana hiyo ina hasara kubwa zaidi Garissa kuliko Mombasa au Unguja. Katika eneo lililokuwa Mkoa wa Kaskazini Mashariki, ambalo tangu 2013 ni kaunti za Garissa, Wajir na Mandera, wengi wa wasomaji wetu huzungumza Kisomali nyumbani. Kiswahili hukutana nacho sokoni, barabarani na hasa darasani, ambako kilifanywa somo la lazima lenye mtihani mfumo wa 8-4-4 ulipoanza mwaka 1985. Matokeo yake ni kwamba mwanafunzi hufika chuo kikuu akiwa amesoma riwaya chache za Kiswahili, zote kwa ajili ya kujibu maswali. Anaweza kuorodhesha sifa za wahusika, lakini hajapata kuitumia lugha hii kufikiria jambo linalomkosesha usingizi.

Miaka michache iliyopita mwanafunzi mmoja wa kike alinirudishia nakala yangu ya Vuta N'kuvute ikiwa imefunikwa kwa karatasi ya gazeti. Nilidhani alikuwa akililinda jalada. Alinieleza kuwa alikisomea kitabu hicho nyumbani wakati wa likizo, na asingeweza kumweleza mtu kwa nini chuo kinampa kitabu cha namna hiyo. Kisha akauliza kama kuna vingine. Nilimtajia viwili vilivyonijia kichwani, bila kumpa sababu. Makala haya ni jibu ambalo nilipaswa kumpa siku ile. Tunapendekeza riwaya tano, mbili zinazohusu maisha ya wakati zilipoandikwa au ujana wa waandishi wake, na tatu za kihistoria, na tunaeleza kigezo kilichotuongoza.

2.0 Kigezo cha Uteuzi

Katika jamii ambamo ndoa ni mapatano ya koo mbili, kisa cha mapenzi hakiwezi kuwa habari ya watu wawili tu. Ni kisa kuhusu mamlaka: nani ana haki ya kusema ndiyo, na nani husema kwa niaba ya nani. Wanafunzi wetu wa Kisomali wanaifahamu vizuri tofauti iliyopo kati ya yarad, yaani mali inayotolewa kwa jamaa wa bibi arusi, na meher, ambayo ni haki yake mwenyewe bibi arusi. Tofauti hiyo peke yake ni mada ya riwaya nzima.

Kwa hiyo tunachokitazama katika riwaya ya mapenzi ni mambo mawili: hiari na gharama yake. Riwaya nzuri humpa mhusika nafasi ya kuchagua, kisha humwonyesha msomaji bila kuficha ni nani anayelipa. Riwaya dhaifu huifuta hesabu hiyo kwa bahati: mume mzee hufa kwa wakati unaofaa, baba mkali hutubu katika ukurasa wa mwisho, na msomaji hubaki na furaha ambayo haikugharimiwa na yeyote.

Wapo watakaodai kuwa dhamira hii ni ngeni kaskazini mashariki. Historia ya ushairi wa Kisomali inakanusha dai hilo. Cilmi Boodhari, aliyeishi Berbera katika nusu ya kwanza ya karne ya 20, alitunga mashairi juu ya Hodan, msichana aliyeozwa mtu mwingine, na kumbukumbu ya umma inasema kuwa mapenzi hayo ndiyo yaliyomuua. Katika miaka ya 1940 dereva wa lori, Cabdi Sinimo, alianzisha utungo mfupi wa mapenzi ulioitwa belwo, ambao ulienea kwa kasi ingawa baadhi ya wazee na wanazuoni waliulaani. Jamii iliyo na urithi wa aina hii haihitaji kufundishwa kupenda. Inahitaji vitabu vinavyoyachukua mapenzi kwa uzito uleule ambao washairi wake waliyachukua.

3.0 Riwaya za Maisha ya Wakati Wake

Tunaanza na Kiu (1972) ya Mohamed Suleiman Mohamed. Muundo wake ni wa pembe tatu unaofahamika: Mwinyi ni mzee tajiri anayemtaka Bahati, Bahati anampenda Idi, Idi anaitaka fedha. Kinachoipa riwaya hii nguvu ni kuwa kiu za wote watatu zimewekwa katika mizani moja. Mwandishi hamwachi msomaji aamini kwamba ujana na uzuri wa sura ni ushahidi wa unyofu wa moyo. Bahati anatumia hiari yake, na hiari hiyo inamwangamiza kwa sababu aliyemchagua naye alikuwa amekwisha kununuliwa. Kwa msomaji kijana hili ni fundisho gumu: kupewa nafasi ya kuchagua hakumkingi mtu na kuchagua vibaya. Riwaya ni fupi na lugha yake ni ya Unguja iliyo safi, hivyo inamfaa mwanafunzi anayeanza kusoma kwa hiari yake.

Ya pili ni From a Crooked Rib (1970) ya Nuruddin Farah, iliyoandikwa kwa Kiingereza. Ebla, msichana wa wafugaji, anatoroka kambi ya ngamia baada ya babu yake kumposesha kwa Giumaleh, mwanamume aliyemzidi umri kwa mbali. Anafika mjini Beledweyne kwa binamu yake, naye pia anamtoa kwa mwanamume mwingine ili kujikwamua kifedha. Anatoroka tena, safari hii na Awill, hadi Mogadishu. Wapo watakaouliza kama hii ni riwaya ya mapenzi hata kidogo. Tunaipendekeza kwa sababu ya shaka hiyo hiyo. Farah anahesabu gharama kwa ukali kiasi kwamba mapenzi yanabaki swali hadi mwisho: je, mtu ambaye amekuwa akitolewa kama mali anaweza kupenda kabla hajajimiliki? Msomaji wa Garissa atayatambua mazingira ya kambi bila kuhitaji maelezo, jambo ambalo halimtokei mara nyingi katika vitabu vya silabasi.

4.0 Riwaya za Kihistoria

Riwaya ya Faarax M.J. Cawl, Aqoondarro waa u nacab jacayl (1974), ina nafasi ya pekee katika orodha hii. Kichwa chake kina maana ya kuwa ujinga ni adui wa mapenzi. Kisomali kilipata maandishi rasmi ya herufi za Kilatini Oktoba 1972, na miaka miwili baadaye riwaya ya kwanza kuchapishwa kitabu katika lugha hiyo ikawa ni riwaya ya mapenzi ya kihistoria. B.W. Andrzejewski aliitafsiri kwa Kiingereza mwaka 1982. Kisa kimewekwa katika zama za vita vya Madarwishi wa Sayyid Muhammad Abdille Hassan dhidi ya wakoloni, mwanzoni mwa karne ya 20. Cawrala anampenda Calimaax, mpiganaji wa Kidarwishi, na anamwandikia barua. Barua inamfikia, lakini Calimaax hajui kusoma. Siri ya moyo inalazimika kupitia kinywa cha mtu mwingine, na kutoka hapo msiba unajengeka.

Wahakiki wengi wameichukua riwaya hii kama mchango katika kampeni ya kufuta ujinga wa kusoma na kuandika nchini Somalia katika miaka ya 1970. Ni kweli, lakini usomaji huo hautoshi. Wahusika wa Cawl huzungumza kwa mashairi katika nyakati zao nzito, mashairi yanayofuata urari wa sauti za mwanzo wa maneno kama ilivyo desturi ya Kisomali. Hivyo Calimaax ni msomi kamili katika fasihi simulizi, na ni mjinga mbele ya karatasi tu. Janga halitokani na upungufu wa akili yake. Linatokana na pengo kati ya mifumo miwili ya maarifa ambayo wapenzi wameangukia katikati yake. Mwalimu wa Kiswahili Garissa hana budi kujiona katika pengo hilo. Riwaya tunazowapa wanafunzi zimo katika hali ya barua ile: zimewafikia, lakini mara nyingi wanasomewa na mwongozo wa mtihani.

Vuta N'kuvute (1999) ya Shafi Adam Shafi inaturudisha Zanzibar ya miaka ya 1950. Yasmini, binti wa Kihindi, ameozwa angali mdogo kwa Bwana Raza, mtu wa umri wa baba yake. Anamkimbia akiwa Mombasa na kurudi Unguja, ambako jamaa zake wanamfungia mlango. Anayempokea ni Mwajuma, mwanamke wa Ng'ambo asiye na mali. Hapo ndipo anapokutana na Denge, mwanaharakati anayesakwa na askari wa mkoloni, na mapenzi yao yanavutwa huku na huku na siasa kama jina la kitabu linavyoashiria.

Uzuri wa riwaya hii ni jinsi historia inavyoingia chumbani. Polisi wanataka kumtumia Yasmini kumnasa Denge, kwa hiyo swali la kisiasa na swali la mapenzi yanakuwa swali moja: je, atamsaliti? Aidha, mwandishi hamwadhibu Yasmini kwa kutoroka, wala hafichi alichopoteza, yaani ukoo, jamaa na jina. Pamoja na hayo kazi hii ina kasoro. Msimulizi anatumia maneno mengi kuusifu uzuri wa Yasmini, na machache mno kumwonyesha akizifikiria siasa zinazomweka hatarini. Denge ana itikadi. Yasmini ana sura. Msomaji akiwaweka Yasmini na Ebla bega kwa bega ataiona tofauti mara moja: wote wawili wanamkimbia mwanamume mzee, lakini ni Ebla pekee ambaye mawazo yake tunaishi ndani yake. Filamu ya Amil Shivji iliyotokana na riwaya hii (2021) inaweza kutumiwa darasani kujadili jambo hili.

Ya mwisho ni Desertion (2005) ya Abdulrazak Gurnah, mshindi wa Tuzo ya Nobel ya mwaka 2021. Mwaka 1899 Mwingereza Martin Pearce anaibuka alfajiri katika mji mdogo wa pwani ya Kenya, akiwa hoi, baada ya kuachwa nyikani na waongozaji wake wa Kisomali. Anapokelewa na mwenye duka, Hassanali, na mapenzi yanazuka kati yake na dada wa Hassanali, Rehana. Miongo kadhaa baadaye, Zanzibar, mjukuu wa Rehana, Jamila, anapendwa na Amin, na wazazi wa Amin wanayakata mapenzi hayo kwa sababu ya doa la bibi yake. Gurnah anaongeza kipimo ambacho riwaya nyingine hazina: gharama ya hiari hurithiwa. Zaidi ya hayo, msimulizi wake anakiri waziwazi kuwa hajui Martin na Rehana walianzaje, na anakataa kujifanya anajua. Hata hivyo, msomaji wetu ana haki ya kutambua kwamba bara ya kaskazini imo katika kitabu hiki kama mahali anapotokea mtu aliyeporwa, na kwamba Wasomali wake wanaishia nje ya jukwaa.

5.0 Pingamizi na Jibu Lake

Pingamizi kuu tunaloletewa ni la heshima: kwamba vitabu hivi vitawapotosha vijana. Hatulidharau, kwa kuwa wazazi wanaolitoa wanalinda jambo la kweli. Lakini inafaa kuutazama mfano wa Kano, kaskazini mwa Nigeria, jamii ya Kiislamu kama yetu. Huko, tangu miaka ya 1980, wanawake wengi wamekuwa wakiandika kwa Kihausa riwaya zinazojulikana kama za soyayya, yaani mapenzi. Balaraba Ramat Yakubu, aliyeozwa akiwa mtoto, alizitumia kuhoji ndoa za lazima. Mwaka 2007 vitabu vya aina hiyo vilichomwa moto hadharani mjini Kano, na bado vinasomwa. Somo lake ni kwamba msomaji atatafuta visa hivi kwa vyovyote. Kinachobaki mikononi mwa mwalimu ni kumsaidia kutofautisha kinachohesabu gharama na kinachoificha.

6.0 Hitimisho

Tunashauri mwanafunzi aanze na Kiu, kisha asome Vuta N'kuvute na From a Crooked Rib kwa pamoja, na amalizie na Cawl na Gurnah. Kwa wanafunzi wa uzamili, tafsiri ya Kiswahili ya riwaya ya Cawl, ikifanywa moja kwa moja kutoka Kisomali na mtu aliyekulia katika lugha hiyo, ingekuwa tasnifu yenye manufaa kuliko uchambuzi mwingine wa wahusika.

Kwa muda mrefu kaskazini mashariki imeingia katika maandishi ya Kenya kwa mlango wa maafa: vita vya Shifta vya 1963 hadi 1967, Wagalla mwaka 1984, ukame, kambi za Dadaab tangu 1991, na shambulio la tarehe 2 Aprili 2015 lililoua watu 148 katika chuo kikuu cha Garissa, wengi wao wanafunzi. Mambo hayo lazima yaandikwe. Lakini vijana waliouawa siku ile walikuwa pia watu waliopenda na kupendwa, na fasihi inayowajua kwa kifo chao tu haijawajua. Riwaya ya Kiswahili ya mapenzi kutoka Garissa itaandikwa na mtu aliyesoma vitabu hivi bila kuvifunika kwa gazeti. Kazi yetu ni kuviweka rafuni.