Hakuna Kitabu Kilichopotea

Wahakiki huhakiki riwaya, mashairi, mara nyingine filamu. Mimi leo nahakiki ripoti. Mwezi uliopita nilikaa chini nikasoma ripoti zote za mwezi za maktaba yetu, kuanzia Januari hadi Desemba mwaka jana. Ziko 12, na nusu yake niliziandika mimi mwenyewe, kwa hiyo asiseme mtu kwamba namchimba mwenzangu. Nazihakiki kwa sababu ndizo zinazoamua kama mlango wetu utabaki wazi. Mfadhili hajawahi kugusa vitabu vyetu. Anachosoma ni ripoti.

Maktaba yenyewe ni chumba kimoja hapa Kigali. Kuna benchi nne, kabati mbili za chuma na vitabu karibu 600. Wasomaji ni Wakongomani, Warundi na Wanyarwanda wa mtaani. Mimi nafanya kazi na vijana, sikusomea ukutubi. Jina la mahali siliandiki, kwa sababu wewe unayesoma hii Mahama, Kiziba au Nyabiheke huenda ukatambua chumba chako mwenyewe.

Kila ripoti ina ukurasa mmoja na picha tatu. Kwanza ni idadi ya walioingia, wanaume na wanawake, watoto na wakubwa. Halafu shughuli. Halafu changamoto, ambazo kila mwezi ni zilezile: umeme na viti. Kuanzia Juni, chini kabisa kuna mstari huu: "Hakuna kitabu kilichopotea." Mstari huo unarudi miezi saba mfululizo. Tulisifiwa sana kwa mstari huo. Sasa nikiusoma naona aibu, na nitaeleza kwa nini.

Sisi huhesabu vitabu Jumamosi ya mwisho wa mwezi. Asubuhi mji mzima uko kwenye umuganda, kwa hiyo tunafungua saa nane mchana, tunatoa vitabu vyote mezani na kuvilinganisha na daftari. Mwezi wa tano tulikuta vitabu 14 havipo. Komite ikakaa siku hiyohiyo. Ikaamua kwamba vitabu visomwe ndani tu, na anayetaka kwenda na kitabu nyumbani aonyeshe kitambulisho cha taifa. Nusu ya wasomaji wetu ni wakimbizi. Wana karatasi zao, lakini hiyo hawana. Watoto nao hawana kitambulisho chochote. Mimi nilikuwepo, na sahihi yangu iko pale chini ya uamuzi.

Kulikuwa na mama mmoja kutoka Uvira anayeuza tomati. Alikuwa anachukua kitabu cha hadithi cha Kiswahili kila Ijumaa na kukirudisha Jumatatu, kwa ajili ya watoto wake. Nilipomweleza sheria mpya aliniangalia tu, kisha akasema, "Mwanangu, kama nitasomea hapa, tomati atauza nani?" Sikuwa na jibu. Tunafunga saa kumi na moja, na yeye huo ndio wakati wa wateja wake. Akaacha kuja. Fomu ya ripoti ina sehemu ya walioingia, lakini haina sehemu ya walioacha kuja.

Wageni wakisikia "maktaba" na "Kigali" pamoja wanafikiria Kigali Public Library, lile jengo la Kacyiru. Wazo lake lilianzia kwa Rotary Club ya Kigali-Virunga mwaka 2000, na milango ikafunguliwa mwaka 2012. Miaka 12 kwa siku moja ya kukata utepe! Lakini utepe ukishakatwa, maktaba inaanza maisha yake ya mwezi kwa mwezi, nani ameazima, nani amerudisha, nini kimechanika, nini kimeulizwa na hakipo. Hiyo ni kazi ya jengo kubwa na ya chumba chenye benchi nne vilevile.

Kuna mkutubi mmoja wa India, S. R. Ranganathan, ambaye mwaka 1931 alitoa kitabu chenye sheria tano za maktaba. Ya kwanza ni kwamba vitabu ni vya kutumiwa. Inaonekana jambo dogo, lakini alikumbusha kwamba zamani huko Ulaya vitabu vilifungwa kwa minyororo kwenye rafu. Hakuna kilichopotea huko pia. Nilipoisoma habari hiyo nikafikiria kufuli letu.

Sasa nirudi kwa vile 14. Baada ya ile aibu nilianza kuvitafuta, kwa simu na kwa miguu. Tisa nilijua viko wapi. Kimoja kilikuwa Mahama, familia ilihamia kule katikati ya mwezi. Kimoja kilinyeshewa na msichana aliogopa kukirudisha. Kimoja kilipanda ndege, familia ilipata kwenda Marekani na mtoto akakiweka kwenye mkoba wake. Vingine sita vilikuwa mtaani kwetu, vinapita nyumba hadi nyumba bila kuandikwa. Vitano tu ndivyo vilivyopotea kabisa.

Halafu nikaona jambo jingine. Kati ya vile 14, vinane vilikuwa vya Kiswahili. Na vya Kiswahili tuko navyo 23 tu, katika nchi ambayo bunge lake lilikipitisha Kiswahili kuwa lugha rasmi mwaka 2017. Rafu yetu imejaa vitabu vya msaada kutoka mbali, pamoja na kimoja kinene cha sheria za kodi za huko kwao. Hicho hakijawahi kupotea hata siku moja. Yaani orodha ya vilivyopotea ilikuwa inatuambia wazi watu wanataka nini, na sisi tukaisoma kama orodha ya wezi.

Lazima niwe mkweli pia kwa upande wa komite. Mzee wetu, mwenyekiti, aliniambia, "Mwanangu, vitabu hivi tuliviomba kwa magoti. Vikiisha, nani atatuletea vingine?" Mzee hakukosea. Kwenye bajeti kuna pesa ya rangi ya ukuta na ya bango lenye nembo. Pesa ya kununua kitabu kimoja badala ya kilichopotea haipo. Mtu akijua kwamba kila kitabu kinachotoka hakina badala, atafunga kabati. Ningekuwa yeye ningefunga pia. Kwa hiyo ndugu zetu wa mashirika, lawama hii tugawane. Ninyi ndio mliotengeneza fomu. Ilani ya Maktaba za Umma ya IFLA na UNESCO, iliyoandikwa upya mwaka 2022, inataka huduma iwe ya watu wote bila kujali uraia, lugha wala hali yao. Huduma ya namna hiyo ina gharama yake, na sehemu ya gharama hiyo ni vitabu visivyorudi.

Na wasituambie kwamba watu wanaohamahama hawaazimishwi. Garissa, kule Kenya, mwaka 1996 huduma ya taifa ya maktaba ilianza kupeleka vitabu kwa ngamia hadi kwa wafugaji. Watu hao wanafuata malisho, hawana namba ya nyumba. Vitabu viliwafuata.

Mwezi wa kwanza mwaka huu tuliomba komite itupe majaribio ya miezi mitatu. Karatasi ya ukimbizi inatosha. Asiye nayo aje na jirani anayejulikana, mtoto aje na mzazi. Familia inayohama ipitie kwetu kwanza, na kama kitabu kinawapendeza, tunaandika "kimesafiri". Ripoti tumeiongezea mistari minne: vilivyotoka, vilivyorudi, vilivyopotea na bei yake, na vilivyoulizwa ambavyo hatuna.

Januari vilitoka 41, vikarudi 38. Nikaandika: "Vimepotea vitabu 3." Mzee aliishika ile karatasi muda mrefu kabla ya kutia sahihi, akasema nikiulizwa nijibu mimi. Niliulizwa, wiki hiyohiyo, kwa simu. Nilijibu kama nilivyoandika hapa, kwa ufupi zaidi. Pesa ya vitabu vya badala bado hatujaahidiwa, na majaribio yanakwisha mwezi wa tatu.

Yule mama nilimfuata mwenyewe sokoni, kwa sababu tangazo la ukutani halimfikii mtu aliyeacha kuja. Ijumaa alifika saa kumi na nusu, beseni bado kichwani. Akauliza kama tumefungua.